Joto la chini ya ardhi na wanaoishi juu yake

Kadiri mtu anavyoshuka ndani ya ardhi ndivyo joto linavyopanda. Katika sehemu nyingi za dunia kila kilomita moja ya kina huongeza nyuzi 25 hadi 30 hivi za Selsiasi. Kwa sababu hiyo wachimbaji wa migodi mirefu ya dhahabu ya Afrika Kusini hufanya kazi katikati ya miamba yenye joto kali, na hewa iliyopozwa hupulizwa kutoka juu ili waweze kumaliza zamu. Joto hilo lina vyanzo viwili. Sehemu yake ni masalia ya zama dunia ilipoumbika. Sehemu nyingine huzalishwa hadi leo na urani, thori na potasiamu zinazovunjika polepole ndani ya miamba. Halingoji jua, mvua wala upepo; lipo usiku na mchana, masika na kiangazi.

Shida ni kulifikia. Kwa kina cha kawaida joto hilo ni hafifu mno kuzungusha mashine. Linakuwa mali pale ambapo ganda la dunia limepasuka au limekuwa jembamba na magma imepanda karibu na uso: kuizunguka Bahari ya Pasifiki, katika kisiwa cha Iceland, katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hata huko joto peke yake halitoshi. Panatakiwa maji ya kulibeba, miamba yenye nyufa za kuyapitisha maji hayo, na juu yake tabaka la mwamba usiopitisha kitu, mfano wa kifuniko cha sufuria, ili shinikizo lisipotee. Mambo hayo manne yakikutana, chini ya ardhi hutokea hifadhi ya maji na mvuke yenye joto la nyuzi 200, 300 au zaidi. Likikosekana moja, kisima hutoa vumbi, au maji ya vuguvugu yasiyolipa gharama.

Dalili za juu zilijulikana na wenyeji kila mahali muda mrefu kabla ya wataalamu kufika. Chemchemi za maji moto zilikuwa mahali pa kuoga, kupikia na kutibu maumivu ya viungo. Ilikuwa Italia ambako mvuke ulianza kuingizwa kiwandani. Katika mji wa Larderello, jimbo la Toscana, watu walikuwa wakichemsha maji ya ardhini ili kupata tindikali ya boroni, na tarehe 4 Julai 1904 Piero Ginori Conti aliunganisha mvuke huo na mashine ndogo ya umeme akawasha balbu tano. Mwaka 1913 mtambo wa kwanza wa biashara, wa kilowati 250, ulianza kazi hapo hapo. Kwa karibu nusu karne Italia ilibaki peke yake katika biashara hiyo.

Vitabu vingi vya historia vikitoka Larderello huruka hadi Wairakei, New Zealand, mwaka 1958, kisha The Geysers, California, mwaka 1960. Katikati yake kuna kituo kinachosahaulika bila sababu. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga, mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi ulifua umeme kwa ajili ya mgodi kwa kutumia maji ya nyuzi 91 tu, yaani maji ambayo hayajafikia hata kuchemka. Ulikuwa mtambo wa kwanza wa jotoardhi barani Afrika, na ulitumia njia ambayo dunia ilikuja kuikubali miaka mingi baadaye.

Njia hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyopanua ramani ya jotoardhi. Penye mvuke mkavu, kama Larderello na The Geysers, mvuke hupelekwa moja kwa moja kwenye tabaini ya kuzungusha jenereta. Mahali pa namna hiyo ni pachache. Kwa kawaida kinachopanda ni maji yenye joto kali yaliyobanwa na shinikizo. Yanapokaribia juu shinikizo hupungua, na sehemu yake hugeuka mvuke ghafla. Chombo cha chuma huutenga mvuke uende kwenye tabaini na maji yarudishwe ardhini. Pale ambapo maji hayana joto la kutosha kufanya hivyo, kama Kiabukwa, hupitishwa kwenye mabomba yanayopasha kioevu kingine kinachochemka kwa joto dogo, na mvuke wa kioevu hicho ndio unaofanya kazi. Maji yenyewe hayagusi tabaini wala hewa.

Kurudisha maji ardhini kulikuja kuchukuliwa kwa uzito baada ya hasara. Wairakei walitoa maji kwa miongo kadhaa bila kuyarudisha. Shinikizo la hifadhi likashuka, bonde la jirani lililokuwa na chemchemi za kurusha maji likanyamaza, na sehemu moja ya ardhi ikadidimia kwa takriban mita 15. Huko The Geysers kampuni kadhaa zilichoronga kwa kushindana hadi mitambo ikafikia megawati 2,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mvuke ukaanza kupungua na mitambo ikabaki na nafasi tupu. Kilichouokoa uwanja ule ni maji taka yaliyosafishwa ya miji ya jirani. Tangu 1997 yanaletwa kutoka Lake County, na tangu 2003 kutoka Santa Rosa kwa bomba la kilomita 60 na zaidi, kisha yanasukumwa ardhini yakageuke mvuke. Joto la dunia halitaisha, lakini maji yanayolibeba yanaweza kuisha ndani ya kizazi kimoja iwapo hakuna anayeyahesabu.

Pamoja na umri wake wote, jotoardhi imebaki ndogo. Mitambo yote duniani haizidi sana megawati 16,000, na umeme wake haufiki asilimia 1 ya umeme wa dunia. Marekani inaongoza, ikifuatwa na Indonesia, Ufilipino, Uturuki na New Zealand. Kenya imo katika kundi la nchi kumi za mwanzo. Umeme wa jua, uliokuja miaka mingi baadaye, ulivuka megawati milioni moja mwaka 2022. Tofauti hii haitokani na ubora. Mtambo wa mvuke huweza kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya saa zote za mwaka, kiwango ambacho paneli ya jua haiwezi kukikaribia. Tofauti inatokana na kisima cha kwanza.

Anayetaka kuweka paneli za jua anajua kabla hajatoa senti moja kwamba jua litawaka. Anayetaka mvuke hajui. Wataalamu hupima kemia ya chemchemi, hupitisha mikondo ya umeme kwenye miamba, huchora ramani za nyufa, lakini mwisho lazima ardhi itobolewe. Mtambo wa kuchoronga hufanya kazi saa 24 kwa zamu, wiki nane au zaidi kwa kisima cha mita 3,000. Keekee ya meno magumu husaga mwamba. Tope maalumu husukumwa kupitia bomba hadi chini ili lipoze keekee na kuinua chenga za mwamba juu, ambako mwanajiolojia huziosha, huziangalia kwa darubini na kuandika kina chake. Kila hatua kisima huvikwa bomba la chuma na kuzungushiwa saruji. Wakati mwingine tope linalosukumwa chini halirudi. Kwa mchimbaji wa mafuta hilo ni balaa. Kwa mchimbaji wa mvuke huenda ikawa habari njema, maana limeingia kwenye ufa, na ufa ndio unaotafutwa.

Kisha kisima huachwa kwa wiki kadhaa kirudishe joto lake. Siku ya kukifungua wafanyakazi huziba masikio, vali hufunguliwa polepole, na kwanza hutoka maji machafu na chenga, halafu nguzo nyeupe ya mvuke yenye mngurumo unaosikika mbali. Wahandisi hupima shinikizo mdomoni mwa bomba kwa wiki nyingi ili kujua kama nguvu hiyo itadumu. Au hakuna kinachotoka. Kisima cha aina hii hugharimu dola milioni kadhaa, na kikikosa mvuke fedha hizo hazirudi. Rwanda ilichoronga chini ya mlima Karisimbi mwaka 2013, ikafika mita 3,000, ikakuta joto lisilotosha. Kwa nchi yenye bajeti ndogo, pigo kama hilo hunyamazisha mradi kwa miaka mingi.

Mkopeshaji wa kawaida hatoi fedha kwa shimo ambalo huenda likawa tupu. Kwa hiyo karibu kila nchi iliyofanikiwa katika jotoardhi ilifanikiwa kwa sababu fedha za umma zilibeba hatari ya mwanzo. Hilo ndilo jambo la kushikwa kuliko yote, kwa kuwa linajibu swali la nani anastahili kufaidika baadaye.

Kenya ni mfano ulio wazi. Visima viwili vya majaribio vilichorongwa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuanzia 1956, vikaachwa bila mafanikio. Kazi ilirudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaingia kwenye gridi. Kufikia 1985 zilikuwa megawati 45. Halafu ukaja ukimya mrefu: kituo cha Olkaria II hakikuanza hadi 2003. Nchi ilikuwa imeegemea mabwawa ya mto Tana, na ukame ulipopiga, mgao wa umeme ulifunga viwanda. Ukame ndio uliowarudisha watunga sera kwenye mvuke. Mwaka 2008 Serikali iliunda Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi, GDC, kazi yake ikiwa kutafuta na kuchoronga kwa fedha za umma, kisha kuwauzia wafua umeme mvuke uliokwisha kuthibitishwa. KenGen, kampuni kuu ya kufua umeme nchini, nayo iliongeza mitambo mikubwa: megawati 140 za Olkaria IV mwaka 2014, nyingine kama hizo katika upanuzi wa Olkaria I, na Olkaria V mwaka 2019. Leo nchi ina megawati zaidi ya 900 za jotoardhi, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke. Ukame ukija, balbu hazizimiki kama zamani.

Sifa hiyo ni ya haki, na wahandisi wa Kenya wanaistahili. Wengi wao walisomeshwa Iceland, katika programu ya mafunzo ya jotoardhi iliyoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1970. Sasa wao ndio wanaoitwa kuchoronga Ethiopia na Djibouti. Lakini mpango wa GDC umeonyesha pia udhaifu wake. Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, kuchoronga kulianza 2011, visima kadhaa vikagonga magma yenyewe kwenye kina cha kilomita 2 hivi, na umeme wa kwanza wa kampuni binafsi, megawati 35, ukapatikana 2023. Kwa miaka mingi mvuke uliolipiwa na mwananchi ulikaa ardhini ukingoja mikataba na dhamana za mikopo ya wawekezaji.

Jambo zito zaidi linahusu watu wa Olkaria wenyewe. Ardhi ile ni malisho ya Wamaasai. Ili kupisha Olkaria IV, vijiji vinne vilihamishwa mwaka 2014 hadi eneo lililopewa jina la RAPland. Nyumba za kisasa zilijengwa, pamoja na shule na zahanati. Hata hivyo wakazi walilalamika kwamba eneo lenyewe limekatwakatwa na makorongo, barabara ni mbovu, hati ya ardhi inachelewa, na baadhi ya familia zimeachwa nje ya orodha. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa wafadhili. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuta kasoro za msingi, zikiwemo kutotumia Kimaasai ipasavyo katika mashauriano na kuwaweka kando wazee wa jadi. Mzee aliyeombwa kuhama kutoka kwenye ardhi ya baba yake aliombwa kwa lugha isiyo yake, katika kikao ambacho baraza lake halikukiitisha. Upatanishi ulifuata na makubaliano yakatiwa saini, lakini kazi hiyo ilikuja baada ya watu kuhama, wakati ilitakiwa itangulie.

Tangu hapo Kenya imepata Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Inamtaka mwenye leseni ya jotoardhi alipe mrabaha wa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani ya nishati katika miaka 10 ya kwanza, na asilimia 2 hadi 5 baada ya hapo. Mrabaha huo hugawanywa asilimia 75 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Hesabu yake ni nyepesi. Nishati ya thamani ya shilingi milioni 100, ikitozwa kiwango cha juu kabisa cha miaka ya mwanzo, hutoa mrabaha wa shilingi milioni 2.5. Kaunti hupata 500,000. Jamii inayolala kando ya mabomba, inayosikia mngurumo wa visima na kunusa harufu ya salfa, hupata 125,000. Kwamba sheria imeitaja jamii hiyo ni hatua. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, hakibadilishi chochote katika maisha ya mfugaji.

New Zealand inatoa kielelezo kingine, nayo haikufika huko kwa urahisi. Wamaori walipoteza sehemu kubwa ya ardhi na chemchemi zao wakati wa ukoloni, na Wairakei ilijengwa wakati sauti yao haikuhesabiwa. Lakini huko Mokai, dhamana ya Tuaropaki, inayoshikilia ardhi kwa niaba ya koo za eneo hilo, inamiliki robo tatu ya kampuni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2000. Kampuni kubwa ya taifa ina robo iliyobaki. Joto la visima hupasha vibanda vya kukuzia mboga, na tangu 2011 kiwanda cha maziwa cha Miraka hukausha maziwa kwa mvuke huo huo. Wenye ardhi hawagawiwi fidia. Wanagawana faida, na wanakaa kwenye bodi inayoamua kisima kipya kichorongwe wapi.

Mfano wa Mokai unafundisha pia kwamba umeme si matumizi pekee, na mara nyingi si yenye tija kubwa kuliko yote. Kugeuza mvuke kuwa umeme hupoteza sehemu kubwa ya joto. Kulitumia joto kama joto hakupotezi hivyo. Mji wa Reykjavik ulianza mwaka 1930 kwa kupasha shule moja kwa maji ya chemchemi za kufulia nguo yaliyosafirishwa kwa bomba la kilomita 3. Baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970 mpango huo ulipanuliwa nchi nzima, na sasa nyumba tisa kati ya kumi za Iceland hupashwa joto kwa jotoardhi. Naivasha, shamba la maua la Oserian limetumia joto la kisima kupasha vibanda vya waridi usiku wa baridi. Huko Eburru wakulima wamekausha pareto kwa mvuke kwa miongo mingi, na familia hutega matone ya mvuke unaopoa ili wapate maji ya kunywa. Matumizi kama haya hayahitaji nyuzi 300 wala kisima cha mamilioni ya dola. Kukausha mahindi, samaki, chai au mbao ni kazi ya nyuzi 60 hadi 100, na chemchemi za kiwango hicho zimetapakaa kutoka Afar hadi Mbeya.

Hatari zipo na zinapaswa kusemwa. Mvuke huja na gesi, zikiwemo kaboni dayoksidi na haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu ikikusanyika. Januari 2021 gesi iliyovuja wakati kisima kikifunguliwa huko Sorik Marapi, Sumatra, iliua wanakijiji watano. Iceland wameonyesha njia ya kuipunguza: kituo cha Hellisheiði huyeyusha gesi ndani ya maji na kuisukuma kwenye miamba ya basalti, ambako sehemu kubwa hugeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Miamba ya Bonde la Ufa nayo ni ya volkeno, na inafaa kujaribiwa.

Hatari ya pili ni tetemeko. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamejaribu kutengeneza hifadhi pale ambapo kuna joto bila maji, kwa kupasua mwamba kwa maji ya shinikizo kubwa. Basel, Uswisi, mwaka 2006 kazi hiyo ilitikisa mji kwa kipimo cha 3.4 na mradi ukafutwa. Pohang, Korea Kusini, Novemba 2017, tetemeko la 5.4 lilijeruhi watu zaidi ya 100, na jopo la Serikali likathibitisha mwaka 2019 kwamba lilichochewa na kusukuma maji kwenye visima vya jotoardhi. Sasa kampuni za Marekani, Fervo ikiwa mbele huko Nevada na Utah, zinatumia mbinu za wachimba mafuta: visima vinavyopinda na kwenda mlalo, na mpasuko wa hatua kwa hatua unaofuatiliwa kwa vipima mitetemo. Matokeo ya mwanzo yana matumaini, na gharama za kuchoronga zinashuka. Nchi zisizo na volkeno ndizo zinazoyangoja kwa hamu. Afrika Mashariki haina haja ya kuyangoja. Sehemu kubwa ya hifadhi zake za asili bado haijaguswa.

Tanzania iliunda kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, mwaka 2013, na inafanya kazi katika maeneo kama Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, Songwe, Luhoi na Natron. Uganda ina Katwe, Buranga, Kibiro na Panyimur. Umoja wa Afrika una mfuko wa kupunguza hatari ya visima vya mwanzo, ulioanza 2012 kwa fedha za Ujerumani na Umoja wa Ulaya, nao hulipa sehemu ya gharama ya tafiti na ya kuchoronga. Fedha za kupata mvuke, kwa hiyo, zina mpango. Kinachohitaji kuandikwa mapema ni sehemu ya pili: hisa za vijiji katika kampuni ya mvuke, mashauriano kwa lugha ya wenyeji na kupitia mabaraza yao, haki ya kutumia maji moto yanayobaki kabla hayajarudishwa ardhini, na hati ya ardhi mpya mkononi kabla nyumba ya zamani haijabomolewa. Masharti hayo ni rahisi kujadiliwa wakati kisima bado ni alama kwenye ramani. Mtambo ukishajengwa na mkopo ukishaanza kudaiwa, kila asilimia inayoombwa na kijiji hutazamwa kama hasara kwa mwekezaji, na hapo ndipo Olkaria ilipofikia.